Sauti ya Marehemu Josette

Mwalimu Wendell Kingbird aliisikiliza ile sauti kidogo tu, kahawa yake haijapoa, akainuka, akachukua kofia yake mezani na kutoka bila kuaga.

Inspekta Delphine Goodsky hakuamini macho yake. Kahawa alimtilia kwa mkono wake mwenyewe. Alimwita Mwalimu kwa heshima zote, akambembeleza amfasirie maneno yasiyozidi sentensi tatu, halafu mtu mzima na mvi zake anampa kisogo kama mtoto aliyenuna!

"Mwalimu! Sijamaliza na wewe!"

Mlango wa Nyumba ya Lugha, alikofundisha Kiojibwe, ulijibamiza. Nje, gari lake kuukuu likakohoa, likawaka, likaondoka.

Delphine alizima kinasa sauti kwa kidole gumba, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kesho asubuhi jopo la jimbo la Minnesota lilikuwa linakaa, na yeye, polisi wa kabila, mwenye kesi mkononi, hakuwa na kitu cha kulipelekea isipokuwa hasira.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Theluji ilipoyeyuka, kampuni moja iliyokuwa ikijenga hoteli ya watalii kwenye Rasi ya Mchanga ilichimba msingi na kufukua mifupa ya watu. Waojibwe wa Ziwa Nika walisema hao ni wazee wao, warudishwe walikolala, na hoteli ikajengwe kwingine. Kampuni ikasema thibitisheni. Mifupa ikatiwa kwenye maboksi, ikapangwa stoo kama viatu vya dukani, watu wakaanza kuthibitisha kwamba babu zao ni babu zao. Kisha juma lililopita kampuni ikaleta kanda. Ndani yake ilisikika sauti ya marehemu Josette Lussier, ambaye hapakuwa na msimuliaji wa kumfikia mwambao mzima, aliyefariki mwaka jana kabla theluji haijaanguka. Kwa Kiojibwe kisicho na doa Josette alisikika akisema: "Mifupa hii si yetu. Ni ya watu wa Aki. Walitoka ng'ambo ya maji."

Aliyeileta kanda ni Halvor Stenerud, daktari wa meno mstaafu wa mjini. Aliapa mbele ya wakili kwamba alimrekodi Josette yeye mwenyewe, Juni mwaka jana. Stenerud alikuwa na nadharia yake, na aliyekaa naye kwenye foleni ya posta aliijua nadharia hiyo apende asipende. Maneno mengi ya Kiojibwe, kwa madai yake, yanaandikwa sawasawa na maneno ya wazungu wa kaskazini walikotoka babu zake. Aki lilikuwa jina la mwanamume huko Skandinavia ya kale. Basi bwana Aki alivuka bahari na mitumbwi yake, akatua rasini, akafa, akazikwa, na mifupa ni yake na wenzake. Kwa Waojibwe aki ni ardhi, hii unayoikanyaga, wala si mwanamume.

Nami niseme langu hapa. Ziwa lenyewe linaitwa Nika, na nika kwa Kiojibwe ni bata bukini. Sisi tunaosema nikaenda, nikaona, nikarudi, tungekuwa na akili za Stenerud tungeshadai ziwa lote, na samaki wake.

Delphine alirudi kwenye kabati la pembeni lililofunikwa kitambaa chekundu. Humo zilikaa kanda za hadithi za baridi, alizozirekodi Mwalimu kwa Josette miaka na miaka. Kabati hilo lilifungwa theluji ikiyeyuka na kufunguliwa theluji ikianguka. Ndivyo walivyokubaliana, na hakuna aliyewahi kubishana. Asubuhi ile Delphine alikuwa amelilazimisha lifunguliwe. "Hatusikilizi hadithi, Mwalimu. Nataka sampuli ya sauti tu, wataalamu wailinganishe." Mwalimu alifungua. Delphine akaweka kanda ya kwanza mashineni: kimya. Ya pili: kimya. Sanduku zima lilikuwa limejaa kanda tupu, mpya, zenye vibandiko vya zamani.

Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulining'inia shingoni mwa Wendell Kingbird. Ndipo alipomwekea ile kanda ya Stenerud amfasirie, na ndipo mzee alipotoka mbio.

Kwa polisi yeyote, hesabu hiyo haihitaji kalamu. Delphine alichukua mashine na funguo za gari, huku akimtukana Mwalimu kwa Kiingereza, maana Kiojibwe cha kutukania hakuwa nacho. Nyanya yake alipigwa viboko shuleni kwa kukisema, naye akaapa mtoto wake asionje viboko hivyo. Lugha ikaishia hapo.

Gari la Mwalimu halikuwa limefika mbali. Lilikuwa limeegeshwa kwa Bernadine Lussier, binti wa marehemu Josette, ambaye Delphine alimwita shangazi kwa heshima tu.

Bernadine alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango akipiga msasa fimbo za mwerezi za kuvunia mpunga wa ziwani, uliokuwa karibu kuiva. Mwalimu alikuwa ameinama kando yake, kofia magotini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Simama, Mwalimu," Delphine alisema kabla hata ya salamu. "Twende kituoni."

"Kwanza umesahau kuamkia," Bernadine alisema bila kuinua macho.

"Shikamoo, shangazi. Simama, Mwalimu."

"Marahaba. Keti."

"Shangazi, huyu mtu kauza sauti ya mama yako!"

"Nimesema keti, Delphine. Hiyo bunduki ya kiunoni hainitishi. Nimekuogesha wewe."

Delphine aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amefura mpaka shingo inamuuma.

"Haya mwambie," Bernadine alimgeukia Mwalimu. "Ulivyoniambia mimi."

"Sikuuza. Niliazimisha. Mwezi wa tatu, theluji bado ipo. Stenerud alikuja kujitolea. Akasema ana mashine nyumbani, atazitia kanda zote kwenye kompyuta bure, zisije zikaoza. Bernadine alikuwa ameshanikataza zisitoke nje ya nyumba ile. Mimi nikaona anaogopa bure. Nikampa sanduku."

"Akalirudisha?"

"Akalirudisha. Theluji ilikuwa inayeyuka, nilikuwa na haraka ya kufunga kabati. Sikufungua hata moja. Nikapiga kufuli." Aligusa ufunguo kifuani. "Nimelinda kanda tupu tangu wakati huo, mbwa mimi."

"Na kwa nini hukuniambia asubuhi? Ulinikimbia!"

"Kwa sababu ya ile uliyoiweka," Mwalimu alisema, naye sasa sauti ikampanda. "Unaniwekea kitu kama kile, mezani, dirisha wazi, mwezi huu! Ningekaa?"

"Kitu gani? Ni ushahidi!"

"Kiweke nami nisikie," Bernadine alisema.

Delphine akabonyeza. Kulikuwa na mchakacho mdogo, kisha sauti ya Josette ikatoka, nzito, ya mtu asiye na haraka. Haikufika mwisho wa sentensi ya kwanza. Kiganja cha Bernadine kilishuka kwenye mashine kama anaua nzi, na kifuniko kikapasuka.

"Huu mwezi gani?" aliuliza.

"Agosti."

"Unaiona theluji hapo uani?"

"Shangazi..."

"Unaiona?"

"Siioni."

"Hiyo ni hadithi ya baridi. Ina mwanzo wake, namna mama anavyovuta pumzi na kuita. Mtoto wa miaka mitano hapa angekwambia. Haisemwi wadudu wakiwa macho. Mama yangu hakuwahi kuisema ardhi ikiwa wazi, hata kwa mjukuu mgonjwa anayelia. Na huyo mng'oa meno anasema alimsimulia Juni?"

Mwiko Delphine aliujua tangu utotoni. Ila aliujua kama mtu anavyojua sheria za mchezo asioucheza. Siku nne alikuwa akiisikiliza sauti ile, akairudia na kuirudia, na hakung'amua kama anasikia hadithi au malalamiko ya bei ya petroli.

"Josette alimjua lini Stenerud?" aliuliza.

"Mwezi wa tano mwaka jana alibisha hodi na biskuti," Bernadine alisema. "Mwezi wa kumi tukamzika. Hawakuwahi kuona theluji pamoja, hata chembe."

"Basi tumempata! Kesho unasimama mbele ya jopo, unawaambia hadithi hiyo inasema nini. Nani anasema mifupa si yetu?"

"Si mama. Ni mnyama, ndani ya hadithi, anamjibu mnyama mwenzake. Na neno aki hapo ni ardhi. Zaidi ya hapo usiniulize."

"Nitakuuliza! Wao watauliza! Watataka uisimulie yote."

"Waulize theluji ikianguka."

"Jopo ni kesho, shangazi!" Delphine alisimama, ndoo ikabiringika. "Mtawapoteza wazee kwa sababu ya kalenda? Watajengewa bwawa la kuogelea juu yao! Vunja mwiko mara moja, Mungu atakusamehe, na mizimu itakusamehe!"

Bernadine aliweka fimbo chini taratibu. Alikuwa na hasira pia, ila yake ilikuwa ya zamani na alijua kuikalia.

"Nikivunja mwiko wao ili niwarudishe," alisema, "wakirudi nitawaambia nini?"

Mwalimu Wendell alifuta uso kwa kofia. Delphine akamgeukia, maana alihitaji wa kumgombeza. "Na wewe, hayo maneno ya Stenerud yanayofanana, kuna ukweli wowote? Nimpige na nini?"

"Ndilo somo langu la siku ya kwanza darasani," Mwalimu alisema kwa uchovu. "Nawaandikia watoto aki ubaoni. Kwetu ardhi. Wajapani wanasema aki, maana yake majira ya majani kuanguka. Wahungari wana aki, ni kama kusema 'ambaye'. Nawaandikia name. Kwa Waingereza maana yake ni 'jina', kwetu ni yule samaki mkubwa wa kale mwenye mifupa mgongoni. Watoto wanacheka. Nawaambia, midomo ya binadamu ina sauti chache, na vitu vya kutaja havina idadi. Lazima tugongane. Mkigongana na mtu sokoni hamjawa ndugu. Ukitaka undugu, huangalii neno moja. Unaangalia kama lugha nzima inafuatana, neno kwa neno, kwa mpango uleule. Stenerud alikaa darasani mwangu siku hiyo. Nyuma kabisa. Alikuwa anaandika."

Delphine aliokota mashine iliyopasuka. Bado ilifanya kazi.

"Shangazi, kabla mama yako hajaanza kusema, pale mwanzoni kabisa, kuna mchakacho. Nikisikiliza huo tu, nikazima kabla ya neno la kwanza, nitakuwa nimekosea?"

Bernadine alifikiri. "Mchakacho si hadithi," alisema mwishowe.

Naibu sherifu Gary Nyquist hakutaka kuja. Nyumba ya Stenerud ilikuwa mjini, nje ya mipaka ya kabila, na Delphine hakuwa na mamlaka huko hata ya kumwandikia mtu faini ya maegesho. Alimhitaji Nyquist, na Nyquist alimhitaji daktari wake wa meno wa zamani aendelee kumsalimia kanisani.

"Desturi siyo ushahidi, Delphine," alisema wakiwa mlangoni. "Nikimwambia jaji eti bibi hasimulii kiangazi, atanicheka."

"Sikuombi umwambie jaji. Nakuomba usikilize na ufunge mdomo."

"Kwa hilo la pili mke wangu atakushukuru."

Stenerud aliwafungulia kwa bashasha. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye sauti ya kumwambia mtu kwamba haitauma. Akawaandalia kahawa na ule mkate mwembamba wa viazi uliopakwa siagi na sukari, akawaketisha mbele ya ukuta wake. Ukuta mzima ulikuwa maneno. Kila kadi ilikuwa na neno la Kiojibwe kulia na pacha wake wa kaskazini kushoto, na katikati uzi mwekundu umebanwa kwa pini.

"Miaka thelathini ya kazi, binti," alisema.

"Inspekta."

"Bila shaka. Tazama name, Inspekta, neno ambalo Kiingereza kililirithi kaskazini. Herufi kwa herufi! Samaki wa kwanza aliyepewa jina akaitwa 'jina'. Mabaharia walikuwa wakiwafundisha wenyeji, unaona, wakimwonyesha samaki..."

"Kadi ya Kijapani iko wapi?"

"Samahani?"

"Aki kwa Kijapani ni majira. Ya Kihungari je? Ulikaa darasani kwa Mwalimu Kingbird, ukayaandika yote. Sizioni hapa ukutani."

Stenerud alitabasamu. "Hizo ni bahati nasibu tu. Sadfa."

"Na hizi zako?"

"Hizi ni historia."

Nyquist alikohoa ndani ya kikombe. Delphine aliibana hasira yake chini ya ulimi. Alitamani kung'oa ukuta ule pini kwa pini. Mtu alikuwa amekaa miaka yote akiokota maneno ya watu kama anayeokota mawe ufukweni, akibakisha yanayompendeza na kuyatupa mengine, na hakuwahi hata siku moja kuuliza maneno hayo husemwa lini, na nani, na kwa ruhusa ya nani.

"Nisaidie jambo moja, kisha tukuache na kahawa yako," alisema, na sauti yake ikawa laini kama ya mgeni. "Kesho jopo litauliza ulivyomrekodi Josette. Ilikuwa Juni kweli?"

"Juni. Nimeshaapa. Jioni nzuri sana."

"Ndani au nje?"

"Barazani kwake. Viti viwili vya kubembea."

"Labda aliwasha moto, kufukuza mbu?"

"Moto!" Stenerud alicheka. "Joto lile? Josette alikuwa anajipepea kwa gazeti. Hata kahawa tuliinywa na barafu."

"Palikuwa na nani mwingine?"

"Hakuna. Mimi na yeye. Alitaka niwe peke yangu. Aliniamini."

Delphine alitikisa kichwa kana kwamba ameguswa. "Gary, umesikia? Barazani, joto, wawili tu."

"Nimesikia," Nyquist alisema, akitafuna.

Delphine aliweka mashine katikati ya sahani, akapandisha sauti mpaka mwisho, akabonyeza.

Mchakacho ukajaa sebuleni. Kwa sauti ndogo ungeudhani mkwaruzo wa kanda. Kwa sauti kubwa ulikuwa ukuni mkavu unapasuka. Pa, papa, pa. Kisha chuma kikalia juu ya chuma, kirefu, kama mlango unaolalamika. Kikohozi cha mtoto. Kicheko cha mtu mwingine, mbali kidogo. Kisha mlango mwingine, na miguu ikatua sakafuni kwa vishindo, mmoja baada ya mwingine, puu, puu, puu. Josette akavuta pumzi.

Delphine akazima.

Nyquist alikuwa ameacha kutafuna. Kila baridi mtu huyu alipasua kuni zake mwenyewe, na nyumbani kwake kulikuwa na jiko kama lile, lenye mlango uleule usiosikia mafuta.

"Hilo ni jiko la kuni," alisema polepole. "Linachochewa." Akatazama miguu yake, akaipiga sakafuni bila kujua, puu, puu. "Na huyo ameingia anakung'uta theluji."

"Barazani," Delphine alisema. "Juni."

"Ni... kanda za zamani huwa na kelele," Stenerud alisema. "Ningeweza kueleza kitaalamu."

"Eleza kikohozi cha mtoto."

"Nilisema wawili kwa maana ya..."

"Eleza theluji, daktari!" Delphine alipiga meza, mkate wa viazi ukaruka. "Uliyakata maneno, ukayapanga upya, ukasahau chumba! Hukusikia chumba kwa sababu hukuwa unamsikiliza mtu. Ulikuwa unawinda neno moja!"

"Maneno ni yake!" Stenerud naye alisimama, na bashasha yote ikamdondoka usoni. "Kila neno limetoka kinywani mwake! Mimi nimeyaweka kwa mpangilio wenye maana, basi! Kule yangefungiwa kabatini na kitambaa chekundu, yakaoza, kwa ushirikina! Nani angeyatunza? Kingbird, asiyejua hata kufungua sanduku alilorudishiwa? Yako salama kwangu, chini, kwenye hewa kavu, yanakaa vizuri kuliko..."

Akanyamaza. Alikuwa ameelekeza kidole kwenye mlango wa chumba cha chini ya nyumba.

Nyquist alifuta sukari vidoleni, akatoa simu. "Halvor," alisema kwa huzuni kidogo, "kaa chini na usiguse kitu. Namwamsha jaji kwenye kiti chake cha uvuvi, na atanichukia, na itabidi nimwambie ni kwa sababu yako."

Hati ya upekuzi ilipopatikana walishuka. Kanda zilikuwa kwenye rafu, zimepangwa vizuri, zina lebo mpya za chapa. Delphine alizihesabu dhidi ya vibandiko vya sanduku. Zote zilikuwepo, pamoja na moja iliyokuwa ndani ya mashine. Alishusha pumzi, ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akaigeukia ile iliyokuwa mashineni.

"Iweke wewe," alimwambia Nyquist. "Dakika moja tu. Ukimsikia mwanamke, zima haraka."

Nyquist akabonyeza. Haikuwa sauti ya mwanamke.

"Moja, mbili, tatu," Stenerud alisema ndani ya kanda. "Jaribio. Moja, mbili, tatu. Sauti inafika? Jaribio." Aliendelea hivyo, akasoma bei za mbao kutoka gazetini, akapiga chafya, akaanza tena moja. Lebo yake mpya ilinakili maneno ya kibandiko cha Mwalimu: Josette, ile ya mwanzo wa dunia, upande wa kwanza.

Delphine alipanda ngazi. Stenerud alikuwa ameketi chini ya ukuta wake, mikono magotini.

"Ulirekodi juu yake," Delphine alisema.

"Nilihitaji kupima kiwango cha sauti. Upande mmoja tu. Nilikuwa na upande wa pili, neno nililolitaka lilikuwa huko."

Mkono wa Delphine ulinyanyuka wenyewe. Nyquist aliudaka hewani, akaushika, na wakakaa hivyo mpaka ukashuka.

Jua lilikuwa bado juu ya misonobari aliporudi kwa Bernadine. Fimbo za kuvunia zilikuwa zimekwisha, laini, zimeegemezwa ukutani. Mwalimu alikuwa anafagia unga wa mwerezi ngazini, kwa bidii ya mtu aliyepewa adhabu na kuifurahia.

"Na wazee?" Bernadine aliuliza.

"Wakili wa kampuni ameiondoa kanda. Kesho hawana kitu cha kusema, na Gary Nyquist atakuwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake. Stenerud aliapa uongo, kwa hiyo yake ni ya jela. Mwenyekiti wa jopo amenipigia mwenyewe, anauliza tunataka mifupa iletwe kwa gari gani."

"Gari lililooshwa," Bernadine alisema, akajifuta macho haraka kwa kiganja.

Delphine alimkabidhi sanduku. Nyquist alikuwa ameziorodhesha kanda kwa ushahidi, akazipiga picha, akaziachia zitunzwe kwa mwenyewe, na kwa hilo Delphine aliahidi kutomkejeli mpaka mwisho wa mwaka.

"Zote zimo?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Angeweza kusema zimo, na ingekuwa kweli kwa hesabu ya plastiki.

"Zimo. Ila ile ya mwanzo wa dunia, upande wa kwanza... amerekodi juu yake. Anahesabu moja, mbili, tatu. Anasoma bei za mbao. Shangazi, nilitaka kumpiga. Gary alinishika. Bado nataka."

Mwalimu aliacha kufagia. Bernadine alibaki na sanduku mapajani, kidole kikipita juu ya vibandiko, kimoja baada ya kingine, mpaka kikafika pale. Kikakaa.

Hakulia. Alikuwa na hasira mpaka midomo imepoteza rangi.

"Mama yuko kwenye kanda," alisema hatimaye, "kwa sababu Wendell alikuwa na mashine. Mimi nilikuwa naye jikoni. Kila baridi, tangu sijui kutembea. Huyo mng'oa meno hakufika huko." Akamtazama Delphine, na sasa jicho lilikuwa kali kwake. "Umeisikiliza sauti ya mama yangu siku nne, Delphine Goodsky. Umeelewa maneno mangapi?"

Delphine alitaka kusema ni kosa la shule, la viboko, la nyanya. Yote yalikuwa kweli.

"Moja," alisema. "Aki."

"Hata Stenerud alikuwa na hilo."

Lilimwingia mahali ambapo hasira ya siku nzima haikuwa imefika. Akainamisha kichwa.

Bernadine alifunika sanduku kwa kitambaa chekundu, akalifunga fundo. "Theluji ya kwanza ikianguka, unakuja hapa. Unaleta kuni. Unakaa chini na watoto, na usipoelewa unauliza, na watoto watakucheka, na utawaacha wacheke. Nitaanza na ile ya mwanzo wa dunia."

"Nitakuja, shangazi."

"Na hiyo mashine yako," Bernadine alisema, akiingia ndani na sanduku kifuani, "iache garini."